Mkaja wa Ami Hilal

Jumapili, 3 Machi 1974

Mtawa aliyetufundisha ukunga alikuwa akisema mwenye hofu aiandike, maana ikishakaa kwenye karatasi haipandi tena kifuani. Mimi nimeandika miaka yote na bado inapanda. Naanza tena, kwa sababu masika yanakuja na mdogo wangu Yuliana ana mimba ya miezi sita.

Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu, mjini, na hakuishi, kwa sababu tulichelewa kumfikisha. Daktari aliyemshona aliniita pembeni akaniambia, "Bernadeta, wewe ni mkunga, utanielewa. Huyu akishika mimba tena, uchungu usimkute nyumbani. Hilo kovu likifunguka tutampoteza yeye na mtoto." Nilielewa. Ningependa nisingeelewa, ningekuwa nalala.

Kijiji chetu kiko ndani, nyuma ya Kibamba. Kufika barabara ya lami ya Morogoro unashuka bondeni, unavuka mto kwa daraja la magogo, kisha unapanda kilima. Kiangazi ni matembezi. Masika bonde lote linageuka uji. Zahanati yetu haina gari. La wilaya huja Alhamisi, likipata petroli, na mwaka huu petroli tunaisikia redioni tu.

Marselino, mume wa Yuliana, anafanya kazi bandarini na analala Temeke na wenzake chumba kimoja. Amepata nafasi kwa shangazi yake hukohuko Temeke. Jumamosi ya kwanza ya Mei atakuja kumchukua mkewe akangojee mjini, karibu na hospitali. Mvua ikitupa nafasi mpaka siku hiyo, sitaomba kingine mwaka huu.

Alhamisi, 7 Machi

Gari halikuja.

Alhamisi, 14 Machi

Gari halikuja. Bwana Kamugisha, mganga wetu, alilingojea barabarani na tai yake shingoni mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua imeanza. Na Ami Hilal ameitoa pikipiki yake, na debe la petroli alilokuwa amelificha dukani.

Sijui nieleze vipi. Ami Hilal ni mwenye duka dogo la hapa kijijini, Mwarabu wetu, mzee wa ndevu nyeupe aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Kabla ya Uhuru alikuwa akishindana mbio za pikipiki, zile zenye kigari cha ubavuni. Kigari chenyewe si kitu: ubao, gurudumu moja upande wa kushoto, na chuma cha kushikilia. Kwenye ubao hupanda mtu wa pili. Kona ya kushoto ikija anajitupa nje mpaka nywele zinagusa mchanga. Ya kulia ikija anamlalia dereva mgongoni. Asipofanya hivyo pikipiki inabinuka. Mtu huyo walimwita jiwe, kama jiwe la mizani ya dukani.

Jiwe la Ami Hilal lilikuwa baba yangu, Gregori.

Kijiji kizima kilikwenda kutazama chuma kikifutwa utando wa buibui. Bwana Kamugisha alikuwa wa kwanza.

"Dada Bernadeta, wale watu walikuwa wagumu!" akaniambia, macho yanamng'aa kama mtoto aliyeona sukari. "Mfupa wa bega unavunjika, mtu anaufunga kwa mkanda, anamaliza mzunguko! Siku hizi nani ataweza? Na baba yako, vidole viwili vilipokatwa na mnyororo, nasikia swali lake la kwanza lilikuwa, nani kashinda?"

"Ni kweli," nikamwambia. "Na mama ndiye aliyefua ile damu."

Akauliza kama walishinda.

Baba hakufa kwa pikipiki. Alikufa kitandani mwaka juzi, kwa kifua, akiwa amechonga vinyago miaka mingi kwa vidole vinane. Lakini nimekua na mama anayesimama mlangoni kila siku ya mbio akisikiliza, na usikilizaji ule nimeurithi. Waliobaki na sifa ni wao. Woga waliuacha nyumbani kwetu.

Kitu kimoja kilinichekesha. Ami Hilal alipoinama, shati lilipanda, nikaona amejifunga kitambaa kizito tumboni, mizunguko na mizunguko. Nikakijua mara moja. Ni mkaja, kile wanachofungwa wazazi baada ya kujifungua ili tumbo lirudi.

"Ami, umejifungua lini?" nikamuuliza. "Mbona hatukualikwa kwenye uji?"

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye akavuta shati chini taratibu. "Asiyefunga huu," akasema, "matumbo yanacheza ngoma akiruka shimo." Na hakucheka.

Alhamisi, 21 Machi

Gari la wilaya limekuja, lakini dereva ameyaona matope akashusha sanduku la dawa kwenye mkahawa wa barabarani, akageuza. Lazima likasainiwe na mtu wa zahanati. Bwana Kamugisha ana foleni ya wagonjwa. Akanitazama mimi, kisha akatazama pikipiki ya Ami Hilal.

Nimekwenda. Nimerudi. Mkono hauandiki.

Ijumaa, 22 Machi

Leo naweza.

Nilipiga magoti kwenye ubao nikashika chuma kwa mikono yote miwili. Nikamwamkia, "Shikamoo Ami," kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, maana sikuwa na sala nyingine kichwani. Akaniitikia, akasema, "Sikiliza, mwanangu. Sheria ni moja. Fumba mdomo, fumbua macho. Mengine niachie mie."

"Kwa nini nifumbe mdomo?"

"Utajing'ata ulimi. Na ukipiga kelele mie nitaogopa."

Kisha akaikanyaga pikipiki ikawaka, na dunia ikaanza kutetemeka. Tulikwenda kasi ya baiskeli, naambiwa. Mimi niliona miti ikinijia. Penye kona nilijitupa upande bila kufundishwa, kwa woga tu, kama unavyojikinga ukirushiwa kitu, na pikipiki ikakata kona vizuri kabisa. Ami Hilal akapiga ukelele wa furaha. "Damu ya Gregori hiyo!" Nilitaka kumwambia kwamba ni damu ya mama, lakini nilikuwa nimefumba mdomo.

Yuliana amecheka mpaka akashika tumbo. Nimemkataza kucheka hivyo.

Alhamisi, 28 Machi

Sanduku la dawa. Tumekwenda, tumerudi. Nimetapika nyuma ya mkahawa.

Alhamisi, 4 Aprili

Tumekwenda tena. Mvua tangu asubuhi. Magogo ya daraja yanalia chini ya magurudumu na maji yamepanda karibu kuyalamba. Sikutapika. Nimeanza kuona anavyofanya: hakazi mikono, anaikaa pikipiki kama mtu aliyekaa barazani kwake. Hata akiteleza hashtuki. Nimejikuta nikimtamani, yaani natamani tumbo tulivu kama lile. Watu hawa waliumbwa kwa udongo gani?

Alhamisi Kuu, 11 Aprili

Nimejua kitu ambacho ningelipa nisikijue.

Tulikuwa tunarudi. Mvua ilikuwa imepumzika. Kabla ya mteremko, upande wa kushoto, mama mmoja wa kijijini alikuwa akichimba mihogo, akanipungia. Nami, kwa adabu, nikainama nje nimpungie. Njia pale imenyooka kama rula. Pikipiki ikakata kushoto, ikaingia shambani, ikaenda kusimama kwenye mihogo mbele ya yule mama, kana kwamba tumekuja kumwamkia kwa karibu. Yule mama alitupa jembe akakimbia.

Ami Hilal akazima injini. "Kona hii imehama?" akauliza.

Nikashuka. Nikasimama mbele yake, hatua chache tu, nikanyamaza. Akageuza uso huku na huku. Hakuwa ananitafuta kwa macho, alikuwa ananisikiliza. Nikamsogelea, nikamshika kidevu, nikamwelekeza kwenye mwanga kama ninavyofanya zahanati. Mboni zote mbili zina utando mweupe. Mtoto wa jicho, tena aliyekomaa.

"Unaona nini, Ami?"

"Naona mchana," akasema. "Naona na wewe, ukisogea. Kama kivuli kwenye pazia."

"Tangu lini?"

"Tangu Khairiya aondoke." Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. "Lakini usinilie matanga, mwanangu. Unadhani zamani nilikuwa naona? Mbio zile za mchangani, asiye wa mbele anakula vumbi la waliotangulia. Mawingu ya vumbi! Mkono wako mwenyewe huuoni. Tulioshinda tulishinda kwa mgongo. Baba yako alikuwa akichungulia pembeni ya vumbi, anaiona kona, anahama. Akihama uzito nami nahama. Sikuhitaji macho. Nilikuwa na Gregori."

Nikaelewa polepole. Alhamisi zote hizi mimi nilikuwa najikunja nyuma ya mtu nikimshukuru Mungu kwamba anajua anakokwenda, kumbe anakwenda ninakoegemea. Aliyekuwa akiendesha ni mimi, na hakuna aliyeniambia.

Nilimgombeza. Nilimwita majina ambayo sitayaandika, siku ya leo ilivyo. Alinisikiliza amekaa palepale kwenye mihogo, mikono juu ya magoti. Mwishoni akasema, "Ukimwambia Kamugisha, ataninyang'anya ufunguo. Itakuwa haki. Lakini masika haya, kijiji hiki kina chombo gani kingine?"

Sijamwambia mtu.

Jumapili ya Pasaka, 14 Aprili

Nimeapa kanisani kwamba sitapanda tena. Nimemwomba Yuliana aende Temeke sasa hivi, asingojee Mei.

"Dada, yule shangazi yuko Mafia msibani mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Nikalale wapi, na wale wanaume watatu? Nyie mnaniogopea kupita kiasi. Mie mwenyewe siogopi."

Ndiyo shida ya Yuliana. Fungu lake la woga nimelibeba mimi.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimesema naumwa. Bwana Kamugisha akafurahi, akavua tai, akapanda yeye. Ndoto yake ya siku nyingi! Alikaa kwenye ubao wima kama askofu. Hawakuvuka hata kona ya kwanza. Wamerudishwa na watoto, Kamugisha matope mpaka masikioni, bega limeteguka, akiendelea kusema kwamba wazee wale walikuwa wagumu. Ami Hilal alipasuka mdomo. Alipita karibu yangu akanong'ona, "Yule hasemi kitu mgongoni. Kimya kama gunia."

Nimemfunga Kamugisha bega. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akitutuliza. Lakini leo hapakuwa na kicheko kwangu. Watoto wawili wana malaria kali na sindano ziko kule barabarani.

Alasiri nimepanda. Niliapa kanisani, najua.

Jumatatu, 22 Aprili

Daraja limekwenda. Magogo yote. Limebaki shimo na maji yanayonguruma. Njia ya kawaida inashuka kushoto kuelekea palepale. Upande wa kulia, juu kidogo, mto unatanuka na una changarawe chini. Wanaume wanapitia huko maji yakiwa magotini. Mvua ikinyesha mchana kutwa, hapapitiki.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumepita changaraweni. Sasa najua kwamba naendesha mimi, kwa hiyo woga umekuwa wa namna nyingine. Zamani niliogopa nitakachofanyiwa. Siku hizi naogopa nitakachofanya.

Tukingoja kahawa pale mkahawani nikamuuliza habari za mkaja.

"Wa Khairiya huo," akasema. "Nilikuwa nikienda kwenye mbio, yeye nyumbani tumbo linamkata, anagaagaa. Siku moja akanirushia mkaja wake. Akasema, 'Hilal, wewe unakimbia, uchungu naupata mie. Ukirudi mzima ni mie nimejifungua. Basi vaa huu, angalau tugawane.' Nikauvaa. Wenzangu walinicheka kama ulivyonicheka wewe. Msimu uliofuata kila mmoja ana wake."

Nikamwona baba akirudi nyumbani, akifungua kitambaa tumboni na kukikunja. Nilidhani ni kitambaa tu cha kujikinga baridi. Kumbe kilikuwa mkaja wa mama.

"Na nyie mlikuwa hamuogopi, Ami?"

Alizungusha kikombe. "Baba yako hakuwahi kulala siku moja kabla ya mbio," akasema. "Hata mara moja. Alikuwa akichonga mpaka alfajiri ili mikono isitetemeke. Hukujua?"

Sikujua. Nilidhani alipenda kazi.

Jumapili, 28 Aprili

Yuliana amevimba miguu. Marselino atakuja Jumamosi. Mvua haikatiki.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua.

Jumatano, 1 Mei

Chupa ya Yuliana imepasuka. Mapema mno. Ee Mama Maria, leo.

Jumapili, 5 Mei

Naandika yote, kwa mpangilio, maana nisipoyaandika nitaendelea kuyaota.

Jumatano ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi. Bwana Kamugisha, balozi na karibu wanaume wote wenye nguvu walikuwa wameondoka alfajiri kwenda kwenye maandamano mjini, kabla mto haujajaa. Yuliana alikuja mlangoni kwangu saa mbili asubuhi, kanga imelowa, amekunja uso kama mtu aliyekosewa. "Dada, usipige kelele," akasema. Sikupiga. Nilimpima: uchungu ulikuwa umeanza, na alipobanwa niliweka mkono juu ya kovu, akaruka. Lilikuwa linamuuma hata uchungu ulipoachia.

Machela inataka wanaume wanne wa kupokezana, na pale mtoni wanaume wanane. Tulikuwa na wazee na watoto. Nikakimbia kwa Ami Hilal na mvua kichwani.

Alikuwa ameshasikia. Alikuwa barazani anafunga mkaja.

Tulitandika godoro kwenye ubao, tukamlaza Yuliana na kumfunga kwa kamba za kitanda, turubai juu yake. Mimi nikabaki nimesimama. Nafasi yangu ilikuwa imechukuliwa. Ami Hilal akapapasa kigari, akampapasa Yuliana begani, akaelewa.

"Leo kigari hakitaniambia kitu," akasema. "Kaa nyuma yangu. Unipande mgongoni kabisa."

"Utanisikia?"

Kisha akaanza kuufungua mkaja alioufunga sasa hivi. Ni kirefu mno kitambaa kile. Akajizungushia upya, na mwisho wake nikauzungusha kwangu, nikaufunga fundo la kwenye vitovu vya watoto, lile lisilofunguka. Tukawa kiuno kimoja. Mwili wake ulikuwa unatetemeka. Nilishtuka. Nilidhani natetemeka peke yangu.

"Fumba mdomo," akaniambia.

"Fumbua macho," nikajibu.

Mteremko tuliushuka vizuri. Nilimlalia kulia, akaenda kulia; nilimvuta kushoto, akaenda kushoto. Mvua ilikuwa inanipiga machoni na sikuwa na ruhusa ya kuyafumba. Yuliana alikuwa kimya chini ya turubai, na ukimya wake uliniogopesha kuliko injini.

Kisha tukafika kwenye njia panda. Kushoto, darajani pasipo daraja. Kulia, changaraweni. Nilikuwa nimeanza kuegemea kulia, na hapohapo uchungu ukamshika Yuliana. Alijitupa kushoto kwa nguvu zake zote, na kigari kizima kikalala upande huo. Na mwili wa Ami Hilal, ule wa zamani, uliozoea kusikiliza kigari miaka yote ya vumbi, ukasikia jiwe likisema kona ya kushoto. Akakata kushoto.

Nilivunja sheria. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, lakini mvua na injini viliimeza. Nililiona shimo. Niliona maji mekundu yakipita na tawi zima juu yake. Nikajitupa kulia, mguu wangu ukaacha pikipiki, nikabaki nimening'inia kwenye mkaja tu, ukinikata tumbo katikati. Yeye naye ukamkata. Nilimsikia akitoa sauti kama aliyepigwa teke. Pikipiki ikazunguka kwenye matope, ikateleza ubavu ubavu, ikasimama. Gurudumu la kigari, la mdogo wangu, lilikuwa kwenye nyasi za ukingoni. Nyasi zilikuwa zinaporomoka, mafungu mafungu.

"Kulia?" akauliza Ami Hilal.

"Kulia," nikasema. Hakuna sauti iliyotoka. Nikamgonga mgongoni kwa kipaji cha uso.

Hakuniuliza kama nina hakika. Hilo ndilo ninalolifikiria kila saa tangu siku ile. Mtu haoni, anasikia maji yakinguruma karibu na mguu wake, na nyuma amebeba mwanamke ambaye kijiji kizima kinajua kwamba anaogopa hata radi. Akaongeza moto, akaenda kulia.

Mtoni maji yalifika juu ya magoti yake. Nilitazama changarawe, sikutazama kitu kingine. Mara mbili kigari kilianza kuelea nami nikakilalia kwa mkono. Yuliana alinishika vidole, akavibana, akasema, "Dada, naogopa." Mara ya kwanza maishani mwake. Nilitamani kulia kwa furaha, sijui kwa nini.

Tulipofika lami lilikuwa linapita lori la ng'ombe wa machinjio ya Vingunguti. Nilisimama katikati ya barabara. Dereva alitukana, kisha akaona, akashuka mwenyewe kumbeba Yuliana mpaka mbele. Nilikata mkaja kwa wembe wangu wa kazi, nikapanda, mlango ukafungwa. Ng'ombe walilia njia nzima.

Hospitali kubwa walimpokea mlangoni. Msichana. Mdogo, mkali, analia kama aliyedhulumiwa. Yuliana alishonwa akapewa damu, na alipoamka aliomba chai. Marselino alikuja na nguo za kazi, akapiga magoti mbele ya kitanda. Wamempa mtoto jina la Khairiya. Padre ataongeza la kwake.

Hapo ndipo, nikiwa nimekaa benchi na nusu ya mkaja kiunoni, nilipomkumbuka Ami Hilal. Nilimwacha barabarani. Sikumuaga. Mvua inanyesha, mto unajaa, na macho yake niliyachukua mimi nikapanda nayo lori. Nilisimama nikakaa, nikasimama nikakaa. Niliona kila namna ya kifo ambayo mtu anaweza kufa kati ya lami na kijiji, mpaka muuguzi mwenzangu akaniuliza kama nami nina mgonjwa mwingine.

Niliondoka Ijumaa asubuhi Yuliana alipoweza kukaa. Niliposhuka pale mkahawani sikutaka kutazama upande ule.

Pikipiki ilikuwa palepale. Kwenye kigari, chini ya turubai, amejikunja juu ya godoro lililolowa, alikuwapo Ami Hilal. Alikuwa na homa. Mwenye mkahawa alikuwa akimpelekea chai na alikuwa amechoka naye. "Tumemwambia aingie ndani, kakataa. Watu wa kijijini walikuja jana kumchukua, kakataa. Mzee mbishi!"

"Ami, ungekufa hapa," nikamwambia. Nilikuwa nalia na kugomba kwa pamoja.

Akageuza uso kwenye sauti yangu. "Kwenye mbio," akasema, meno yanagongana, "dereva akivuka mstari na jiwe hayupo, hakumaliza. Hata awe wa kwanza. Wanamfuta." Akauliza, "Kajifungua?"

"Kajifungua. Wazima wote wawili."

"Basi panda," akasema, "twende nyumbani."

Nilimpa sindano kwanza, kwa nguvu, barazani pa mkahawa. Kisha tukangoja maji yapungue, nikafunga upya vipande viwili vya mkaja kuwa kimoja, tukarudi polepole. Kijiji kilikuwa kimesimama njiani kutusubiri.

Jumatano, 12 Juni

Mvua imekatika na upepo umegeuka baridi. Bwana Kamugisha sasa anajua, nilimwambia mimi, na ufunguo anao yeye. Alimwandikia Ami Hilal kwenda kutolewa mtoto wa jicho, nami ndiye niliyemsindikiza.

Tulikaa kwenye korido ya hospitali tangu asubuhi. Yule niliyemwona akiingia mtoni bila macho alikuwa akinishika mkono wa gauni kama mtoto siku ya chanjo. Kila mlango ulipofunguka aliuliza kama kisu ni kirefu, kama wataanza na la kulia, kama mtu anaweza kubadili nia. Alikuwa amevaa mkaja. Aliniomba niukaze, nikaukaza.

Walipoita jina lake hakusimama.

"Bernadeta," akasema kwa sauti ndogo, "mie naogopa."

Nikamwinua, nikamwegemea upande wa kushoto, kwa kuwa mlango ulikuwa kushoto. Akafuata.

"Fumba mdomo, Ami," nikamwambia. "Macho niachie mie."